Samaki Aliyewalisha Watu Mia Tatu: Somo Juu ya Nyangumi wa Ambari



Somo la leo halikuwamo katika mpango wa darasa letu la Obunga. Limezaliwa na swali. Baada ya sala ya isha tulikuwa tukisoma habari za lile jeshi dogo alilolipeleka Mtume (s.a.w.) upande wa pwani katika mwaka wa 8 wa Hijra, kiongozi wake Abu Ubaida bin al-Jarrah (r.a.). Walikuwa watu mia tatu. Chakula kikawapungukia hata mgawo wa mtu ukawa tende moja kwa siku, na zilipokwisha hizo wakawa wakipiga majani ya miti na kuyalowesha maji wakayala. Kwa ajili hiyo likaitwa jeshi la khabat, yaani la majani. Walipokuwa katika dhiki hiyo bahari ikawatupia samaki mkubwa aitwaye anbar. Wakala nyama yake, wakateka mafuta kwa mitungi kutoka katika tundu la jicho lake, na Jabir bin Abdallah (r.a.), ambaye alikuwapo, amesimulia kuwa ubavu wake ulisimamishwa na ngamia akapita chini yake pamoja na mpandaji wake. Riwaya moja yasema walimla nusu mwezi, nyingine siku kumi na nane, nyingine mwezi mzima.

Hapo kijana mmoja akainua mkono. Mama yake ni miongoni mwa wale kina mama wa hapa kwetu wanaonunua mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, wakaikaanga na kuiuza, biashara ambayo kila mtu wa Kisumu aijua kwa jina la mgongo wazi. Akasema: "Maalimu, mimi nimelelewa na samaki. Mbuta mkubwa kuliko wote niliowaona hakutosha watu wa harusi moja. Huyu wa kulisha watu mia tatu kwa siku kumi na nane ni samaki gani? Isiwe kisa kimetiwa chumvi."

Baadhi ya jamaa wakamkemea na kumwambia alete istighfari. Sisi hatukuona sababu ya kumkemea. Kijana hakukanusha riwaya. Aliuliza kipimo, na mwenye kuuliza kipimo hujibiwa kwa kipimo. Tukamwomba atupe muda wa juma moja, tukatafuta katika vitabu vya wataalamu wa bahari. Haya ndiyo tuliyompa, nasi twayaandika hapa kwa faida ya wote.

Huyo anbar, kwa kauli ya wengi katika waliofasiri, ni aina ya nyangumi ambaye katika somo hili tutamwita nyangumi wa ambari, kwa kuwa ndiye atokaye ambari ile ya kufukizia. Dume lake likikomaa hufika urefu wa mita 16, na uzito wake hupita tani 40. Jike ni dogo zaidi, mita 11 hivi na tani 15. Kichwa peke yake ni karibu theluthi ya mwili, na ubongo wake, wa kilo 8 hivi, ni mkubwa kuliko ubongo wa mnyama mwingine yeyote aliyepata kupimwa. Ndani ya kichwa hicho mna chumba kikubwa kilichojaa mafuta mepesi yanayofanana na nta iliyoyeyushwa. Wavuvi wa nyangumi wa zamani walikuwa wakitoboa kichwa na kuyateka kwa ndoo. Basi mtu akisikia kuwa masahaba waliteka mafuta kichwani mwa samaki kwa mitungi, na hali anajua namna kichwa hiki kilivyo, hatashangaa sana.

Tukampa kijana chaki. Tulimwambia: tufanye kuwa bahari iliwatupia jike tu, la tani 15, na tufanye kuwa theluthi moja tu ya uzito huo ndiyo iliyofaa kuliwa. Akaandika ubaoni: kilo 5,000. Watu 300 kwa siku 18 ni mafungu 5,400. Akagawanya mwenyewe, akapata kuwa kila mtu alikuwa na kilo moja kasoro kidogo kila siku. Kisha, bila kuambiwa, akafanya hesabu ya dume la tani 45 kwa mwezi mzima, akapata kilo moja na theluthi mbili kwa kila mtu. Na kuhusu nyama kuoza, riwaya zenyewe zimetaja kuwa waliikausha nyingine wakaichukua kuwa masurufu ya safari. Waliporudi Madina wakamweleza Mtume (s.a.w.), akawauliza kama wamebakiwa na chochote, wakampelekea naye akala.

Lakini twapaswa kuonya. Jina la samaki, watu wa lugha na wafasiri wamelifafanua. Hata hivyo si kila samaki mkubwa atajwaye katika dini ni huyu. Samaki wa Nabii Yunus (a.s.) hakutajiwa aina, na sisi hatumtafutii.

Sasa twende kwenye maisha ya mnyama mwenyewe, kwani hapo ndipo palipo na mengi.

Tumemwita samaki kwa kufuata ada ya lugha, walakini si samaki kwa umbile. Hana mashavu ya kupumulia majini. Ana mapafu, damu yake ni moto, huzaa mtoto mzima na kumnyonyesha maziwa. Sharti apande juu kuvuta hewa. Akisha kuvuta kwa muda wa dakika nane au kumi, huinua mkia na kuzama wima, akakaa chini dakika arubaini na tano, na pengine saa nzima na zaidi. Aghalabu huzama baina ya mita 400 na mita 1,000, na imepata kuthibitika kuwa huweza kupita hapo kwa mbali.

Wasomaji wetu wengi hawajapata kuiona bahari, kwa hiyo tuwape mfano wa nyumbani. Ziwa letu, ambalo wenyeji waliita Nam Lolwe kabla halijaitwa Victoria, lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na hata hivyo mahali pake penye kina kirefu kabisa ni mita 80 tu au kidogo zaidi. Hii ghuba yetu ya Winam, upande huu wa Kisumu, ni ya kina kifupi mno: dume la nyangumi wa ambari likisimamishwa wima humo, sehemu kubwa ya mwili ingebaki nje ikikaushwa na jua. Wazee wana hadithi za majoka ya ziwani, nasi hatugombani na hadithi, ila nyangumi hayumo. Chakula chake ni ngisi, na ngisi hawaishi katika maji baridi ya ziwa. Yeye huwafuata katika vilindi vya bahari kuu ambako jua halifiki kabisa, na miongoni mwao wamo wale ngisi wakubwa mno ambao mabaki yao yamekutwa katika matumbo ya nyangumi.

Atawindaje gizani? Kwa sauti. Hutoa mlio wa kugonga, mkali kuliko sauti ya mnyama mwingine yeyote ijulikanayo, kisha husikiliza mwangwi unavyorudi na kujua windo liko wapi, kama afanyavyo popo usiku juu ya miembe yetu. Na anayo migongo mingine isiyo ya kuwinda, inayopangwa kwa utaratibu, kama vile mitano ikifuatana kwa mwendo maalumu. Hiyo ni ya kusemezana. Wataalamu wameona kuwa jamaa mbalimbali za nyangumi zina taratibu zao mbalimbali, na watoto hujifunza za mama zao, kama mtoto wa Lamu anavyokua na Kiamu na wa Mombasa na Kimvita, wote wakiwa watu wa bahari moja.

Ujamaa wao ni wa upande wa mama. Majike kumi hivi pamoja na watoto, bibi, binti na mjukuu, dada na mtoto wa dada, hukaa pamoja miaka na miaka. Mimba yao ni ya miezi 14 hadi 16. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita 4 na uzito wa tani moja, hunyonya miaka miwili na pengine zaidi, na mama hupumzika miaka minne, mitano au sita baina ya mtoto na mtoto. Huyo mtoto hawezi kuzama kule mama anakofuata chakula. Basi majike hayazami yote kwa wakati mmoja. Huachana zamu, huyu akipanda yule ashuke, ili mtoto asikose mkubwa karibu naye. Kina mama wa Obunga wanaoamka alfajiri kwenda kungoja mifupa mlangoni pa kiwanda, wakamwachia jirani watoto, hawana haja ya kufafanuliwa jambo hili.

Adui akija, kama vile wale nyangumi wauaji wenye rangi nyeusi na nyeupe, majike hujipanga duara, watoto wakawekwa katikati. Na mmoja wao akijeruhiwa, wenziwe hawamwachi, humzunguka hapo hapo alipo. Tafadhali ukumbuke jambo hili, msomaji, kwani tutalirudia.

Safari zao si za namna moja. Majike na watoto hawatoki katika bahari za joto. Hutembea humo mamia ya kilomita wakifuata ngisi, lakini huko kwenye baridi kali hawaendi. Dume hukaa na mama yake mpaka abalehe, kisha huondoka. Kwanza hufuatana na vijana wenzake, na kadiri anavyokua huzidi kwenda mbali na kuwa peke yake, hata madume makubwa huonekana karibu na barafu za ncha za dunia. Akifika umri wa miaka zaidi ya ishirini na mitano hurejea bahari za joto kutafuta majike, akapita jamaa hii na jamaa ile, akakaa saa au siku chache, akaenda zake. Wale wetu waliotoka hapa wakiwa na miaka kumi na minane kwenda kutafuta kazi Mombasa, na hawaonekani ila siku za Idi, wasidhani kuwa tumewakusudia wao.

Katika pwani yetu ya Kenya watu wa Watamu na Malindi huona nyangumi kila mwaka tangu mwezi wa Julai, lakini wale wanaoonekana zaidi ni aina nyingine, wenye nundu, watokao bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa katika maji ya joto, kisha wakarudi. Nyangumi wa ambari hukaa mbali zaidi na ufuo, penye kina, nao wamepata kuonekana katika maji makuu ya Kenya. Kusini ya hapo, karibu na kisiwa cha Morisi, jamaa zao zajulikana vizuri hata watazamaji wamempa kila mmoja jina lake.

Na ambari je? Wa kale waliihitalifu sana. Wako waliosema ni chemchemi itokayo chini ya bahari, na wako waliosema ni mmea. Al-Masudi, aliyesafiri kutoka Oman mpaka nchi ya Zanji katika karne ya nne ya Hijra, aliandika kuwa ambari iliyo bora ndiyo ipatikanayo katika pwani hizi na pwani ya Shihri, na kwamba samaki mkubwa huimeza akafa. Alikaribia ukweli, ila aliugeuza. Nyangumi haimezi ambari, huitengeneza. Midomo ya ngisi ni migumu kama mdomo wa kasuku, haisagiki tumboni. Mara nyingi huitapika, lakini kwa nyangumi wachache sana, pengine mmoja katika mia, hupita mpaka matumboni, ikafunikwa tabaka juu ya tabaka na kuwa bonge. Likitoka baharini huelea miaka mingi kwa jua na chumvi, weusi ukawa kijivu na uvundo ukawa manukato. Katika mwaka wa 1953 nyangumi mmoja aliyeuawa bahari ya kusini alikutwa na bonge la kilo 420 hivi.

Ibn Abbas (r.a.) aliulizwa kama ambari ina hukumu ya hazina iliyofukiwa, akajibu kuwa sivyo, kwa sababu ni kitu kilichotupwa na bahari tu. Hukumu nyinginezo tutawaachia masheikh wetu. Sisi twataka kusema na wale wanaouziwa vipande vya "ambari" ya kutoa mashetani. Jamaa yetu mmoja alinunua kipande kwa fedha iliyokuwa ada ya shule ya mwanawe. Tulipokitia sindano ya moto hakikutoka ule utomvu mweusi wenye harufu yake inayojulikana. Kilinuka mshumaa na ubani. Hata kama kingekuwa cha kweli, ni uchafu wa tumbo la mnyama uliogeuzwa manukato kwa uwezo wa Mola. Hayo ni maajabu ya kutosha bila kuyaongezea mashetani.

Sasa turudi kwenye lile duara. Tangu karne ya 18 watu wa Marekani waligundua kuwa mafuta ya kichwa cha nyangumi huyu hutoa mshumaa usio na moshi na taa yenye nuru safi. Meli za Nantucket na New Bedford zikamaliza nyangumi wa karibu na kwao, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na katika miaka ya 1820 na kuendelea zikawa zikiwinda baina ya Shelisheli na Unguja. Bandari ya Unguja ilizijua meli hizo. Nao wavuvi walikwisha kuijua tabia ya majike: ukimchoma mmoja usimuue upesi, wengine hawatakimbia, watakuja kumzunguka, nawe utawachoma mmoja mmoja. Kile walichopewa kuwa kinga ya watoto wao kikawa mtego wao.

Mafuta ya petroli yalipopatikana, tangu mwaka 1859, ilidhaniwa kuwa nyangumi amepona. Haikuwa hivyo. Zilikuja meli za mvuke na mizinga ya kurushia chusa chenye baruti, na mafuta yake yakatafutwa kwa mashine, hata kwa giaboksi za motokaa. Durban kulikuwa na kituo kilichofanya kazi mpaka mwaka 1975. Katika miaka ya 1960 waliuawa zaidi ya 20,000 kwa mwaka duniani, na hizo ni hesabu zilizoandikwa, kwani katika miaka ya 1990 ilifichuka kuwa meli za Kisovieti ziliua wengi na kuandika uongo. Kwa kuwa madume makubwa ndiyo yaliyopendwa, palikuwa na bahari ambako majike yalibaki bila dume, na miaka mingi baada ya uwindaji kukoma watoto wakawa haba. Hesabu iliyotolewa na wataalamu mwaka 2022 yasema kuwa kabla ya uwindaji walikuwa karibu milioni mbili, na leo wapata laki nane na nusu.

Kilichowaokoa katika bahari yetu kilianzia kwa jirani mdogo. Shelisheli, nchi ya visiwa iliyopata uhuru wake mwaka 1976, ilipeleka shauri katika baraza la mataifa la mambo ya nyangumi, na mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ambamo nyangumi hawawindwi kwa biashara. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1982, baraza hilo hilo likakubali kusimamisha uwindaji wa biashara katika bahari zote. Na ndani ya hifadhi hiyo, katika miaka ya mwanzo ya 1980, chombo kidogo kiitwacho Tulip kiliwafuata nyangumi wa ambari karibu na Sri Lanka bila kumuua hata mmoja, na mambo mengi tuliyoyaeleza juu ya jamaa zao yalianza kujulikana kwa kazi za namna hiyo. Nyangumi aliyekufa alikuwa amefundisha uzito wa mafuta yake tu.

Hatari zilizobaki ni meli zinazowagonga, nyavu, kelele za injini, na takataka. Mwaka 2018 mmoja alikutwa amekufa Indonesia, tumboni mwake mna karibu kilo sita za plastiki, vikombe zaidi ya mia moja na kandambili mbili.

Msomaji wa Obunga aweza kusema: haya ni ya bahari, sisi yatuhusu nini? Tumwulize mzee yeyote wa ufuoni habari za ningu. Samaki huyu wa ziwa letu naye ni msafiri: mvua zikianza hupanda mito, Nyando, Sondu, Yala, Nzoia, akataga huko, kisha vifaranga hushuka ziwani. Wakati wa babu zetu alikuwa chakula kikubwa cha nchi hii. Nyavu zilipoanza kutegwa midomoni mwa mito, akanaswa akiwa njiani kwenda kutaga na tumbo limejaa mayai, akapungua kabla hata mbuta hajaletwa ziwani katika miaka ya 1950. Wavuvi wale hawakuwa na chusa wala baruti. Walijua tu mahali atakapopita na siku atakayopita, kama wale wa Nantucket walivyojua kuwa jike halitamwacha mwenziwe.

Siku ya somo tulitaka jamaa waone kwa macho. Tukachukua kamba ya mita 16, tukaishika mlangoni pa chumba cha darasa na kuinyosha nje. Ilivuka uwanja, ikavuka mtaro, ikaishia kando ya makaratasi ya mafuta ambapo mama yake yule kijana alikuwa akikaanga. Kijana akatembea kutoka mwisho mpaka mwisho akihesabu hatua, akarudi, akasimama pale penye theluthi, akasema: "Mpaka hapa ni kichwa?" Tukasema naam. Hakuuliza tena habari za watu mia tatu.

Aliyeuliza ni mama yake. Alitaka kujua mtoto hunyonyaje chini ya maji bila kunywa chumvi, kwani nyangumi hana midomo ya kunyonyea kama ya ndama. Tukamweleza kuwa chuchu za mama zimefichika ndani ya mikunjo miwili ya ngozi tumboni. Mtoto huja kwa chini akaingiza taya lake hapo, na maziwa yenyewe ni mazito, yamejaa mafuta, hayachanganyiki upesi na maji. Akageuza mifupa katika karai, akasema: "Basi mama hutulia asiogelee mpaka mtoto ashibe?" Hapana, tukamjibu, huendelea kwenda polepole, na mtoto huachia kila mara kwenda juu kuvuta pumzi, kisha hurudi.